Kisanduku cha Cheche

Mmeniganda mimi nisimulie, kana kwamba yule fundi wa magari hana mdomo. Hugusa chuma kwa mgongo wa kiganja, kama anayempima mtoto homa, kisha huguna tu. Gari kuukuu la Bi Luming lilikuwa likipata joto linazimika kwenye mlima wa kupandia mji wa Baguio, kule Ufilipino, na mumewe lazima afike hospitali kusafishwa damu. Fundi akakitoa kisanduku cha cheche, kile kinachoipa injini moto wa kuwaka, pale ubavuni mwake kilipokuwa kikiokwa na joto, akakifunga mbele penye upepo, akapanda nao. Kileleni injini bado ilinguruma. Akafungua boneti, akakigusa kisanduku, akauvuta mkono wa Bi Luming.

"Kitaniunguza!"

"Shika, mama. Jana kingekubandua ngozi."

Akashika; kilikuwa vuguvugu tu, hakutaka kuachia.

"Twendeni jamani," mumewe akafoka, "mgonjwa ni mimi, si gari!"

Haya, nimesimulia. Nawe mwenye gari linalozimika, kaguse cha kwako, uje uniambie.