Shati Lililobaki Kambani

Shangazi yangu aliacha kula papa mwaka ule ule mumewe alipopotea baharini. Hakutangaza. Kabla ya hapo hapakuwa na mtu Msambweni aliyemshinda kwa papa mkavu wa nazi, na mumewe ndiye aliyekuwa akiwavua papa hao, akiwapasua na kuwatia chumvi pale pale uani. Baada ya hapo, akiandaliwa sahani yenye papa, aliisogeza taratibu upande wa wengine na kusema ameshiba. Sote nyumbani tulifahamu, na hakuna aliyemwuliza.

Chombo kilipatikana, mtu hakupatikana. Sheikh alituongoza katika sala ya ghaibu, ile anayosaliwa maiti asiyekuwapo, kisha akatukumbusha kwamba aliyekufa maji ana daraja ya shahidi. Shangazi akaishika kauli hiyo kwa mikono miwili. Mumewe alikufa maji. Lile jingine ambalo bahari huweza kulifanya kwa mwili wa mtu halikupata kutajwa mbele yake.

Nayatanguliza haya ili isidhaniwe kwamba nilitenda nililotenda kwa kutojua.

Vijana kutoka Nairobi walikuja Mwabungo kupiga filamu ya kutisha. Watu wanne wamekwama juu ya mwamba, maji yanapanda, papa anawazunguka na kuwala mmoja mmoja. Hawakuwa na fedha za kutosha, hivyo papa wao alikuwa pezi la plaiwudi lililopakwa rangi ya kijivu, likafungwa juu ya mpira wa gurudumu na kuvutwa kwa kamba. Wavuvi waliacha nyavu zao wakaja kutazama.

"Papa gani huyo anaogelea kinyumenyume?"

"Mwacheni, ana kizunguzungu!"

"Mleteni huku tumtie nazi!"

Mimi niliajiriwa niwe mshauri wao wa lugha na mila. Nilimweleza mwelekezi kwamba ndani ya miamba ile, maji yakiwa kifuani, hakuna mzee wa Mwabungo aliyewahi kusikia mtu kuliwa. Kwetu ni sisi tunaowala papa. Akacheka. "Mwalimu, hiyo mtu wa Nairobi hajui." Nami nikacheka naye. Nilikuwa na furaha ambayo leo naionea haya: kwa mara ya kwanza shahada yangu ya fasihi ilikuwa imepata kazi ya kufanya hapa kwetu.

Siku ya tatu walihitaji shati la mvuvi aliyeliwa, litakaloletwa ufukoni na mawimbi. Walikuwa wamenunua moja la mtumba Ukunda. Mwelekezi aliliinua mbele ya watu wote, halina hata mkunjo. "Sasa huyu papa alimla ama alimpigia pasi?"

Walipokwisha kucheka nikasema najua pa kulipata la kweli.

Lilikuwa shati la kaki lenye kiraka begani, alichokishona shangazi mwenyewe. Siku mumewe alipotoka kwa mara ya mwisho lilikuwa kambani, limeanikwa, nalo ndilo lililomrudishia harufu ya mumewe kwa miaka. Alilihifadhi sandukuni, limefungwa ndani ya leso.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mbio mbio hivi?"

Nikamwomba shati.

"La nini?"

"Kuna picha inapigwa, shangazi. Ya kuonyesha maisha ya wavuvi wetu."

Alinitazama kidogo. Nilikuwa msomi wa ukoo. Hakuwa na sababu ya kunidhania mabaya. Akalifungua sanduku, akanikabidhi pamoja na leso yake. "Lirudi kama lilivyo," akasema.

Kule ufukoni kijana wa mavazi alilitandaza juu ya meza akashika mkasi. Akaniuliza papa hung'ata wapi. Ningeweza kumwambia sijui. Nilinyoosha kidole. "Hapa," nikasema, "chini ya kwapa, kisha panda mpaka kwenye kiraka. Usikate, chana kwa mikono, uzi uonekane umevutwa." Kisha nikalishika upande mmoja ili achane vizuri. Wakalimwagia rangi nyekundu.

Shangazi nilimwambia kwamba shati limepotea katika pilikapilika za kazi. Akasema, "Alhamdulillahi kwa kila hali," na neno hilo liliniuma kuliko tusi.

Filamu ilipotoka, binti yake alikuwa akiitazama kwenye simu, sebuleni, alasiri moja. Pezi la plaiwudi lilimchekesha mpaka machozi. Shangazi akainama aone kinachomchekesha mwanawe, na wakati huo huo wimbi likalileta shati.

Aliniita. Nililichukua shati kutoka kabatini kwangu, lilikokuwa muda wote huo kwa kuwa sikuthubutu kulitupa wala kulirudisha, nikampelekea. Alilipokea, akakitafuta kiraka chake kwa vidole.

"Ulikuwapo walipolichana?"

"Nilikuwapo."

"Ukawaambia nini?"

Nilimweleza yote: kidole, kwapa, kiraka, uzi uliovutwa. Hakulia. Alisema tu, kwa sauti ya mtu anayezungumza na nafsi yake, "Miaka yote hii nilikuwa nikiuona mwili wake mzima."

Alililoweka shati kwenye beseni siku nzima. Rangi ilitoka, isipokuwa doa moja la waridi ukosini. Nilipokwenda siku ya pili nilimkuta barazani na kisanduku chake cha nyuzi. Nilidhani ananitaka nimtungie uzi kwenye sindano, maana macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Nikautunga, nikampa. Hakuipokea sindano. Alinisukumia shati.

"Anza pale ulipowaonyesha."

Sijui kushona. Mishono yangu ilikwenda upande kama meno mabovu, na kila nilipokwenda kombo aliniamuru nifumue. Nilifumua mara nne. Mara ya tano hakuniamuru kufumua, nami sikuthubutu kuinua macho nione kama ameridhika au amechoka.