Kicheko Kilichokuja kwa Miguu

Tangu Kisirani afe, redio ya Mama Pasi haikupumzika, na mwenyewe hakucheka hata siku moja. Wapangaji wenzake waliliona jambo hilo wakalisema, maana kifo cha Kisirani kilikuwa msiba wa kila mwenye masikio. Miaka nenda miaka rudi mchekeshaji yule aliingia majumbani mwa watu kwa njia ya redio, bila kubisha hodi, yeye na Bi Gubu, mkewe wa mchezoni, wakagombana humo mpaka watu wakashika mbavu. Sasa Kisirani kafa, na watu hawajamaliza kumlilia, Bi Gubu naye akaenda.

"Kamfuata akamalizie ugomvi," alisema fundi viatu, mwenye kibanda pale mbele ya nyumba, na waliokuwapo wakacheka huku wanafuta macho.

Redio ikaanza kurudia michezo yao ya zamani kila alasiri. Wapenzi wao wakafanya kibanda cha fundi viatu ndiyo matangani. Kila mtu alikuja na kipande chake. Huyu anaiga Kisirani akimlalamikia mwenye nyumba juu ya paa bovu: "Hata mvua inalala humu, mzee, mbona yenyewe huidai kodi?" Yule anaiga Bi Gubu akivuta kamasi kabla ya kutukana. Mwingine hana cha kuiga, basi anasema tu, "Tumebaki na nani jamani," na wenzake wanamwitikia kwa kutikisa vichwa.

Mama Pasi hakutoka. Alisikiliza peke yake chumbani, ananyoosha nguo za watu. Hiyo ndiyo kazi yake, na ndiyo iliyompa jina, kwa kuwa waliobaki kulijua jina alilopewa na wazazi wake walikuwa wachache, tena wako mbali. Alikuwa na pasi ya mkaa, nzito kama deni la ukoo, na meza iliyotandikwa blanketi kuukuu, na bakuli la maji ya kunyunyizia. Huanza na kola, akaja mikononi, akamaliza na mgongo. Shati likitoka kwake lingeweza kwenda kazini lenyewe, mwenye shati akabaki amelala. Umeme ulikuwapo, na binti yake aliyeolewa mbali alikwisha kumtumia pasi ya umeme. Ilikuwa juu ya kabati, ndani ya boksi lake. "Hiyo haina uzito," alisema, "nguo haitaiogopa."

Dirisha lake lilitazama kibanda. Siku moja fundi viatu akampigia kelele.

"Mama Pasi, njoo ukae na wafiwa wenzio."

"Mimi nimefiwa na nani?"

"Na Kisirani."

"Kisirani si ndugu yangu. Tena alikuwa hachekeshi."

Pale kibandani wakatazamana, kama waliosikia mtu akitukana kanisani na msikitini kwa pamoja.

"Kama hachekeshi," fundi viatu akasema, "mbona redio huizimi?"

"Redio yangu, betri zangu, masikio yangu. Shona viatu."

"Haya mama. Mungu akinyima kicheko hutoa mdomo."

Wakacheka. Mama Pasi akafunga dirisha. Angewaambia nini? Kwamba katika michezo yote ile hakumngoja Kisirani, wala Bi Gubu, bali mtu mmoja aliyekaa kwenye benchi, katikati ya watu, miaka mingi iliyopita? Wangesema uzee umeingia kichwani.

Mtu mwenyewe ni marehemu mumewe, seremala. Zamani michezo ile ilirekodiwa ukumbini mbele ya watu, alasiri moja kila juma, na kuingia ilikuwa bure. Kiingilio kilikuwa kicheko chako. Mabenchi ya ukumbi ule aliyatengeneza seremala kwa mkono wake, na kila walipokwenda alilipapasa benchi kwanza, kama mtu anayesalimia punda, ndipo akaketi. Yeye alimpenda Kisirani kuliko chakula. Mkewe alikwenda kwa kuwa mume hawezi kuachiwa aende peke yake kila juma, watu watasema.

Na seremala alikuwa na ila moja: kicheko chake kilichelewa. Watu wanacheka, wanamaliza, wanapangusa nyuso, ukumbi umetulia, yeye yuko kimya anatazama mbele. Kisha ghafla kinamtoka, kinaanzia chini kabisa kama pampu inayotafuta maji, hiii, hiii, hiii, halafu maji yanakuja. Mkewe alitamani ardhi ipasuke.

Siku waliyocheza ule mchezo wa kufuli ndiyo iliyoharibu. Mama Pasi aliikumbuka hivi: seremala alicheka akiwa peke yake, ukumbi wote kimya, na Kisirani akaacha mchezo akasema palepale jukwaani, "Wenzake walipanda gari, kicheko cha huyu kimekuja kwa miguu." Ukumbi mzima ukageuka. Watu wakawatazama wao wawili, wakacheka upya, na yeye Mama Pasi akiwa na kitambaa chake kipya kichwani.

"Tumetukanwa," alimwambia mumewe njiani.

"Hukutukanwa wewe. Nimesifiwa mimi."

"Sikanyagi tena pale."

Na hakukanyaga. Mumewe alibembeleza, akamnunulia hata viatu. Alipoona mwamba ni mwamba, akawa anakwenda peke yake, na mkewe akampa sharti moja tu mlangoni: "Ukienda, usinitie aibu. Ziba mdomo." Seremala alikuwa mtu wa kusikia. Akawa anakwenda na leso, kicheko kikimjia anakiziba nayo, na mabega yanatikisika kimyakimya kama ya mtu anayelia.

Sasa seremala kafa, muda umepita, na uso wake upo ukutani kwenye picha, amesimama wima na randa mkononi. Lakini sauti ilimpotea Mama Pasi. Hakujua imepotea lini. Asubuhi moja alikuwa anapepea mkaa, akataka kukisikia kile kicheko kichwani mwake, kama alivyozoea kukitafuta kila anapokuwa na neno la kukigombeza, hakukipata. Alipata pampu, alipata maji, hakumpata mtu. Akaacha kupepea, mkaa ukafa.

Juma lile lile ndilo alilokufa Kisirani, na redio ikafungua ghala lake. Michezo mingine haikumfaa, kwa sababu humo mumewe kaziba mdomo kwa leso, na katika ile ya kabla ya leso, kila kilipomtoka watu walicheka upya wakamfunika. Kilichobaki ni kipande kile cha kufuli. Humo ukumbi ulikuwa kimya, na yeye alikuwa peke yake.

Basi akasikiliza kila alasiri, na kila alasiri si hicho. Mpaka mtangazaji akasema: kesho, wapenzi wasikilizaji, kile mlichokiomba sana, cha kufuli.

Kesho yake Mama Pasi alimwaga mkaa wa pasi ungali mwekundu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Akabadilisha betri. Akakaa kwenye kigoda alichokichonga marehemu, redio mapajani kama mtoto.

"Mke wangu," alisema Kisirani ndani ya redio, "leo lala usingizi. Wezi hawatuwezi tena. Nimenunua kufuli."

"Pesa umeipata wapi?" akauliza Bi Gubu, na kamasi akavuta.

"Nimeuza mlango."

Ukumbi ukaanguka. Na kibandani nje nako wakaanguka kwa kicheko, ingawa walikijua kipande kile kama majina yao. Mama Pasi hakuanguka. Hakupata kuona hapo kinachochekesha ni nini. Mtu kauza mlango, ni mpumbavu, basi. Aliinamisha sikio, akasikia vicheko vinapungua, vinadondoka kimoja kimoja kama mvua inayoliacha bati. Kimya. Sasa. Sasa hivi.

"Aisee," ikasema sauti ya mtangazaji, nene, ya leo, "hawa wapendwa wetu kwa kweli wametuachia pengo. Ngoja nisome salamu za msikilizaji wetu..."

Akasoma, akataja na wajomba. Alipomaliza, Bi Gubu alikuwa ameshafika kwenye ugomvi mwingine.

Mama Pasi hakulia. Asubuhi alivaa gauni alilolinyoosha mara mbili, akapita mbele ya kibanda bila salamu, akaenda kwa miguu mpaka kituo cha redio. Mlinzi wa getini akamwona mtu mzima, akainuka.

"Shikamoo mama. Wanaoleta rambirambi ni mlango ule."

"Marahaba. Sina rambirambi. Namtaka yule mtangazaji wenu wa alasiri. Anasema pasipotakiwa."

"Hilo tunalijua wote, mama, ila ndiyo kazi aliyoajiriwa."

"Basi nipeleke kwa anayeyatunza yale ya zamani."

Mlinzi alimpima macho, akaona mama huyu akimkatalia atakaa pale getini mpaka jioni. Akampeleka.

Chumba cha yale ya zamani kilikuwa nyuma, hakina dirisha, kina baridi na harufu ya vumbi lililopigwa umeme. Mtunzaji wake alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imepanda kichwani, na macho mekundu. Siku nyingi alikuwa akiwachambua Kisirani na Bi Gubu, na yeye pia alikuwa mpenzi wao.

"Karibu mama. Unataka kipi? Nina kile cha mwenye nyumba, kila anayekuja anataka hicho."

"Cha kufuli. Akishasema ameuza mlango. Hapo."

"Nikuanzie mwanzo, ukifaidi?"

"Mwanangu, Kisirani simtaki. Namtaka anayecheka."

Yule mama wa miwani akakitafuta kipande. Akamvisha vile vya masikioni, vikubwa, vinabana, mwenyewe akavaa vingine, akabonyeza.

Nimeuza mlango. Ukumbi ukaanguka. Vikapungua, vikadondoka. Kimya. Kisha, upande wa kushoto, karibu kabisa, hiii.

Alikuwa yeye. Halikuwa jambo la kufikiri. Mwili ulimjua kabla, mkono wa Mama Pasi ukashika ukingo wa meza. Hiii, hiii, na maji yakaja, kicheko cha mtu anayefurahi ambaye hajui kama kuna mtu mwingine duniani. Na katikati yake, juu yake, sauti kali ya mwanamke: "Nyamaza! Watu wanatutazama."

Kicheko kikakatika. Kikajaribu tena, kidogo, kikafa.

Ndipo Kisirani akasema, taratibu, si kwa sauti ya mchezo: "Mama, mwache. Wenzake walipanda gari, kicheko cha huyu kimekuja kwa miguu. Kipisheni kikae."

Mama Pasi akavibana vile vya masikioni kwa mikono miwili. Miaka yote hiyo alilikumbuka gari, akaikumbuka miguu, akazikumbuka shingo za watu zilivyogeuka. Ile sauti ya mwanamke hakuwa nayo. Wala ile "mama, mwache".

"Rudisha," alisema.

Akarudisha. Mara nyingine, na nyingine.

"Huyu anayenyamazisha ni nani?" mama wa miwani akauliza. "Kila nikifika hapa ananikera. Mtu anacheka zake."

"Mkewe."

"Mbona mkali hivyo?"

"Alikuwa na haya," alisema Mama Pasi. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza doa la nguo: "Huyo mwanamke, unaweza kumtoa? Abaki anayecheka peke yake."

Mama wa miwani akavuta miwani ikashuka machoni, akajaribu, akasikiliza, akajaribu tena. Akatikisa kichwa.

"Wamebanana, mama. Wamesema kwa pumzi moja. Nikimtoa mke, na mume anatoka. Kinabaki kipande cha mwanzo tu, hata si kicheko."

"Basi waache," alisema Mama Pasi. "Walikaa hivyo hivyo."

Akashukuru, akavua vile vya masikioni, akaviweka mezani vimelala sawasawa.

Nyumbani aliwasha mkaa, kwa kuwa mashati ya watu hayajui habari za mtu. Redio hakuifungua siku ile, wala siku iliyofuata. Alasiri alisikia kibandani wanacheka, wakiimaliza akiba yao ya Kisirani, na siku hadi siku wanaocheka wakawa wachache. Akakunja mashuka peke yake, ncha moja ameibana kwa kidevu, kama alivyokuwa akikunja tangu mwenzake wa kushika upande wa pili alipoondoka.

Siku moja akawa anapeleka nguo kwa wenyewe. Furushi kichwani, akatoka chumbani mpaka koridoni, akauvuta mlango, akatia kufuli, akalivuta kwa nguvu kuona kama limeshika. Limeshika. Akalitazama. Kufuli lile linaning'inia pale, limeshika mlango. Mawazoni akauona mlango haupo. Akaliona kufuli liko palepale hewani, na mtu amesimama mbele yake anajisifu.

Kikaanzia chini. Akadhani ni kikohozi. Hiii, alisema Mama Pasi, akashika furushi kwa mikono miwili. Hiii. Halafu maji yakaja, akaegemea ukuta, akacheka amelikumbatia furushi, mashati ya watu yakapata makunyanzi na yeye asijali.

Kilipopungua, akageuka kushoto kwake. Palikuwa na ndoo ya jirani na fagio. Akasimama kidogo, kama anayengoja mtu amwambie anyamaze watu wanatazama. Milango yote ilikuwa imefungwa, watu wako makazini.

Akaweka sawa furushi, akatoka. Fundi viatu alikuwa peke yake kibandani, uzi mdomoni. Akamwona macho.

"Mama Pasi, unalia?"

"Mlango wangu upo," alisema Mama Pasi, akapita.