Alikuja Kanisani Kuomba Pa Kukaa, Tukamrudisha

Admin, ukiposti hii nifichie jina, na nyinyi wenzangu wa Chake mkinitambua nyamazeni tu, nawaomba. Nina miaka arobaini na nne, watoto watatu, mzaliwa wa Iringa. Pemba nimeletwa na ndoa, baba watoto alihamishiwa huku kikazi, na huu ni mwaka wa kumi na sita. Yeye ni mzee wa kanisa letu dogo, waumini hatufiki hamsini, karibu wote watu wa bara. Mimi nina mdomo, sifichi. Muuza samaki akinipunja mtaa mzima utajua. Lakini siku niliyotakiwa kuufungua niliufunga, na tangu hapo sina raha.

Sisi wanawake wa kanisa tulianzisha darasa la ushonaji kwenye chumba cha pembeni. Vyerehani viwili vya kukanyaga, anayetaka aje, hatukumuuliza mtu dini. Hapo ndipo nilipomzoea Mwanakombo (si jina lake), binti wa jirani yangu Bi Time, kaolewa mtaa wa pili. Mpole, mkono mwepesi, mwezi mmoja tu kashajua kukata gauni. Lakini kila baada ya wiki anakuja na alama. Mara kaanguka, mara kajigonga mlangoni. Jamani, mlango gani una vidole?

Nikalipeleka kwenye kikao cha wazee. Nikasema kanisa lisiishie kuimba, wanawake wanapigwa, tuwe na pa kuwapokea, tuwasindikize polisi. Baba watoto akasimama. "Kanisa si ofisi ya ustawi wa jamii," akasema. "Kazi yetu ni Injili. Hapa sisi ni wageni, tumekaa na watu kwa amani kwa sababu hatuingii ndani ya nyumba zao. Tukimpokea mke wa mtu, kesho itasemwa tunawabadilisha dini." Nisiwe mwongo, maneno yale yana uzito, hata mimi yaliniingia. Wazee wakamuunga mkono na darasa likafungwa hapo hapo. Vyerehani tukavifunika shuka.

Haikupita miezi miwili. Alhamisi alasiri tuko kwenye mazoezi ya kwaya, tukasikia hodi. Mwanakombo! Jicho la kushoto limevimba hadi limefumba, shingoni alama za vidole. "Shikamoo, baba. Kanipiga mume wangu. Nnaomba nikae hapa tu mpaka kaka yangu afike kutoka Wambaa, nshampigia simu."

Baba watoto alimjibu kwa upole, na upole wenyewe ndio unaoniumiza. "Binti, hapa si mahali pa kesi za nyumbani. Nenda kwa sheha." Sheha ndiye serikali ya mtaa huku.

"Sheha ni ami yake mume wangu, baba. Kila mara hunirejesha."

Kisha akanitazama mimi. Ufunguo wa kile chumba ulikuwa kwenye pochi yangu, hapa kwapani. Nikaona nitamvunjia mume wangu heshima mbele ya kwaya nzima. Nikasema, "Nenda mwanangu, tutakuombea." Ee Mungu wangu! Akalivuta buibui lake vizuri, akasema ahsanteni, akaondoka. Na sisi tukaendelea na wimbo.

Kaka yake alipofika alimkuta kwa mumewe, chini, hajitambui. Lile jicho halioni tena.

Nilikwenda kumtazama hospitali. Akanivuta mkono, akaninong'oneza, "Mume wangu aliniuliza nlikuwa wapi, sikumwambia. Nlichelea mtaletewa fitina kanisani." Nyinyi mnaosoma mmeelewa? Sisi tulimrudisha kwa kujiogopea, yeye akapigwa kwa kutuficha. Hata mama yake mzazi hajamwambia kwamba alikuja kwetu.

Sasa kesi iko mahakamani na haina shahidi zaidi ya yeye mwenyewe. Huku kuna kitu kinaitwa muhali, mtu haoni vyema kusimama kizimbani kumsema jamaa yake, undugu utakatika. Majirani wote wamekaa kimya kwa muhali. Mumewe anasema mkewe aliteleza bafuni. Waliomuona na jicho lile mapema, wakamsikia kwa masikio yao akimtaja aliyempiga, ni sisi tu tuliokuwa kanisani. Nikamwambia baba watoto kwamba nitakwenda kusema. Akaweka kijiko chini. "Watakuuliza mlipomuona mlimfanyia nini. Utalivua kanisa nguo sokoni." Toka siku hiyo na yeye hali vizuri, namuona, si mtu mbaya. Mchungaji anasema tuombe. Kuomba tumeomba! Kumbe muhali si wa Wapemba peke yao, na sisi wa bara tumeupokea, tena tumeuvalisha joho.

Juzi Bi Time kaniletea mkate wa kumimina, kama kawaida yake. Akakaa jamvini, akasema mwanawe anataka kushona lakini hawezi kutunga uzi, anamtungia yeye na macho yake ya kizee. Halafu akasema, "Laiti siku ile angekimbilia kwenu kanisani. Miye nngetulia roho, nngejua yuko kwa watu."

Sahani yake mpaka sasa iko jikoni kwangu. Huku sahani ya jirani hairudi tupu, na mimi kila nikiishika sioni cha kutia.

Kesi ni Jumatatu. Nikienda, naogopa nitampoteza baba watoto na lile kanisa, ndio ndugu pekee nilionao kisiwa hiki. Nikikaa, yule mwanamume anatoka, na Mwanakombo ni mke wake bado. Wa kanisani mniambie, na wa msikitini pia mniambie, maana nyinyi ndio tuliowaogopa bure. Nishaurini nifanye nini, ndugu zangu. Na kama ni kusema, nianzie mahakamani, au nianze kwa kumrudishia Bi Time sahani yake nimwambie kwamba mwanawe alikimbilia kwetu?