Matundu Kabla ya Moto

"Umechomelea umesinzia, fundi," Urvish alisema, akaisukuma tena shafti, ule mhimili wa chuma, kwenye fremu. Ikapita tundu la bamba la kwanza, ikafika la pili, ikagota ukingoni.

"Macho yangu yalikuwa wazi," Nassibu akajibu. "Kilichosinzia ni mchoro wako."

Hiyo ilikuwa fremu ya pili kuharibika ndani ya wiki mbili. Ni ya mashine ya kusaga ya Candida wa Magomeni: mabamba mawili yanayotazamana, kila moja na tundu la beringi, shafti ipite yote mawili bila kugusa. Devendra, mwenye karakana hapo mtaa wa Gerezani na baba yake Urvish, alikuwa ameshakata shauri. Candida angekuja saa kumi jioni, naye angeambiwa kwamba aliyeharibu ni mchomeleaji na kwamba ameshafukuzwa.

Nassibu huyo mnamjua. Mtu wa Newala, aliyeacha shule darasa la pili, akala moto miaka kumi na minane katika kiwanda cha serikali mpaka kikauzwa na mashine zikang'olewa kama meno ya kizee. Aliwahi kuunga sindano iliyokatika, na fundi cherehani akashonea nayo kanzu ya harusi. Aliwahi kuziba ndoo iliyotoboka ikiwa imejaa maji, na hata tone halikudondoka. Asiyeamini na aende Gerezani akaulize, ila asiulize mbele ya Urvish.

Urvish alirudi kutoka masomoni ughaibuni, mwaka wa mafuriko yale ya bonde la Jangwani, na kompyuta yake. Ikajengewa chumba cha kioo na kununuliwa feni yake peke yake, na wachomeleaji wakaendelea kupepewa na nzi. Humo ndani Urvish alichora kila bamba na tundu lake, akayaunganisha kwenye kioo cha kompyuta, shafti ikapita kama uzi. Basi mabamba yakatobolewa kwanza, ndipo akapewa Nassibu ayachomelee.

Siku ile ile Nassibu alimwambia kwamba hayo ni kumtoga masikio mtoto aliye tumboni. Chuma kikinywa moto hujivuta, na kikipoa hakirudi kilipokuwa. Urvish akacheka, akamwuliza hayo kayasoma kitabu gani.

Sasa Devendra alichoka na kelele. Akamwamuru mwanawe achore anavyotaka fundi, ili fundi aaibike mara moja, waagane. Urvish akaketi, na Nassibu, bila kukaribishwa, akasimama mgongoni pake akinuka moshi. Matundu yakafutwa, mabamba yakabaki matupu. Yakaunganishwa, ndipo Urvish akatoboa fremu nzima kwa mkato mmoja uliopita yote mawili. Alipofungua mchoro wa bamba peke yake, halikuwa na tundu. Tundu lilikuwa kwenye fremu iliyokwisha kuungwa tu.

"Hapo," Nassibu alisema. "Na uso wa bamba uongeze unene kidogo, tupate cha kukwangua baada ya moto."

Urvish aliongeza huku ameuma meno. Mabamba yakakatwa, Nassibu akachomelea, akakataa yasimwagiwe maji, akayakalia kama kuku anayeatamia mpaka yakapoa yenyewe. Ndipo fremu nzima ikapandishwa mashineni, ikatobolewa kwa pigo moja. Shafti ikaingia bamba la kwanza, ikatokea la pili, ikazunguka kwa kidole.

Hakuna aliyempongeza. Urvish alisema mchoro huo nao ni wake. Devendra akamvuta fundi pembeni, akamwambia kazi yake anabaki nayo, lakini Candida lazima apewe jina la aliyemchelewesha, na jina hilo litakuwa Nassibu.

"Tajiri, mtaa huu ukisikia Nassibu anapinda fremu, hata jiko la mkaa sitaletewa."

"Na ukisikia mwanangu hajui kuchora, nani ataniletea kazi?"

"Basi mama akija, mwanao aseme mwenyewe, kwa mdomo wake."

Urvish alitoka kwenye chumba chake cha kioo. "Niaibishwe na mtu asiyejua hata kusoma nilichoandika?"

"Sijui kusoma," Nassibu akasema. "Na shafti haijui. Mbona ya kwako iligota, na yangu imepita?"

Urvish akamsogelea mpaka vifua vikakaribia kugusana. Devendra akajipenyeza katikati, mkono mmoja kwa mwanawe, mmoja kwa fundi, akisema kwamba jambo hili leo analimaliza yeye, na atakayetajwa ni—

"Hodi," Candida alisema mlangoni, kanga ameifunga kiunoni. "Nimekuja kumwona aliyeniharibia fremu zangu. Ni yupi kati yenu?"