Fundi Hilda na injini iliyokosa pumzi

Jua bado halijautoboa ukungu wa Dongobesh, lakini miguu miwili yenye viatu vya mpira tayari imechomoza chini ya gari dogo la abiria. Mwenye miguu anaimba pambio. Wimbo unakatika, mkono unatokea, unapapasa chini mpaka unakamata kopo la poda ya watoto.

"Usinishangae," inasema sauti kutoka uvunguni. "Bila poda hii, oili ingenidanganya kila siku."

Huyo ni Hilda Margwe, mama wa watoto wawili, mwenye umri wa miaka 36. Anaeleza kwamba oili ikivuja huteremka na kupeperushwa na upepo, ikadondokea mbali kabisa na ilikotokea. Kwa hiyo yeye huiosha injini, huikausha, huinyunyizia poda, kisha huiwasha. Poda inapoanza kulowa, ndipo penye ugonjwa.

Ufundi aliuanzia shambani kwa baba yake, Nicodemo, aliyekuwa na trekta bovu kuliko yote kijijini. "Wenzangu likizimika walikuwa wanakimbia, wasije wakatumwa," anasema. "Mimi nalikimbilia."

Baada ya chuo cha ufundi alifanya kazi kwenye gereji za watu kwa miaka saba. Mwaka jana akafungua yake: nguzo nne na mabati, pembeni mwa shamba la mumewe, Onesphory. Siku njema hupata magari mawili au matatu. Siku mbaya hupalilia.

"Nilipoteza kipande kizuri cha vitunguu swaumu," anasema Onesphory huku akicheka. "Sijuti. Ila vilivyobaki siku hizi vinanukia dizeli."

Kazi ambayo Hilda hachoki kuisimulia ni ya Desemba, ya mzee Gidamis, mfugaji wa Gendabi wilayani Hanang. Alhamisi moja mzee alifika na pikapu yake kuukuu, na kila iliposimama iliacha dimbwi jeusi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Fundi yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

Mzee akamtazama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu, kisha akatabasamu. "Basi ng'ombe wangu anaumwa. Mtazame."

Jumamosi ya wiki hiyo binti yake, Judith, alikuwa anafunga ndoa Dongobesh. Bibi yake Judith, mama mzazi wa Gidamis, alikuwa hawezi tena kutembea mbali, na gari la kukodi alilikataa katakata. Angepanda gari la mwanawe, au angebaki nyumbani. Na Judith alikuwa amesema hataingia kanisani kabla ya bibi yake.

Sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, ilikuwa imeshabadilishwa gasketi yake ya kuzibia maungio mara moja kwa fundi mwingine, lakini uvujaji ukarudi. Hilda akaosha, akanyunyiza poda, akaona imelowa juu kabisa, kwenye kava ya injini. Akaweka gasketi mpya. Mzee akaondoka kwa furaha.

Ijumaa asubuhi alikuwa amerudi. Oili ilikuwa inatoka juu na chini.

"Hakunigombeza," anakumbuka Hilda. "Alikaa juu ya tairi, akaniangalia tu. Afadhali angenigombeza."

Ndipo Hilda alipoweka spana chini, naye akakaa.

"Mzee, hii shida ilianza lini?"

"Tangu niliporudi kutoka malishoni. Niliondoka na ng'ombe kiangazi chote, gari nikaliacha limeegeshwa nyuma ya zizi. Siku nilipoliwasha tu, likaanza kulia machozi."

Hilda akawaza: gari limelala miezi, limeamka linavuja kila mahali. Gasketi hazifi zote siku moja. Lazima kuna kitu kinaisukuma oili itoke. Akaiwasha injini, akalegeza kifuniko cha kujazia oili. Hewa ya moto ikampiga usoni.

"Nikasema, haya! Injini hii haipumui."

Akalifuata bomba dogo la kutolea hewa linaloning'inia chini ya injini. Akalichomoa, akapitisha waya. Likadondoka donge la udongo mwekundu, likafuata la pili. Nyigu walikuwa wamejenga nyumba humo. Hewa ilipokosa njia, ilijitengenezea nyingine kwenye gasketi.

Mzee Gidamis aliliokota donge, akaligeuza mkononi, kisha akacheka mpaka akashikilia mlango. "Ng'ombe wangu alizibwa pua!" Waliokuwa wakienda gulioni wakasimama kuuliza kulikoni, naye akawasimulia wote, mmoja baada ya mwingine.

Hilda akasafisha bomba, akafunga gasketi nyingine, akatandika katoni safi chini ya injini inayounguruma. Wakanywa chai taratibu. Katoni ilibaki kavu.

Kesho yake pikapu ilipanda mlima kwenye matope na kuingia uwanja wa kanisa. Bibi alikaa kiti cha mbele, vazi lake la ngozi likimetameta kwa shanga. Judith alimkimbilia, akasahau kwamba shela yake inaburutika chini. Vigelegele vikapasuka.

Hilda, akiwa na joho lake la kwaya, alichomoka kwenye mstari, akapiga magoti kwenye matope na kuchungulia uvunguni mwa pikapu.

Bibi akasema neno kwa lugha yake, watu wakaangua kicheko. Judith akatafsiri: "Anasema utoke huko. Harusi iko huku juu!"

Tangu siku hiyo magari ya Hanang hayakomi kuja kwake. Sasa Hilda ana mpango wa kufungua gereji ya pili Mogitu, kando ya lami, yenye shimo la saruji la kusimama ndani yake, ili wakulima na wafugaji wa kule wasipandishe mlima magari mabovu. Kiwanja ameshakiona, na mwenye nacho wameanza kuelewana.

"Rangi ya lango nimeshachagua," anasema, akijifuta mikono. "Njano. Mtu gari likimsumbua, aione kutoka mbali, na moyo wake utulie kabla hajafika."