Majirani walivyokuja kusikiliza posho mill yangu kabla ya kuikubali

Wakuu, niaje.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani jirani anajulishwa kwa karatasi. Haya yalinipata mwenyewe hapa Kitale, na sehemu za aibu nimeziacha vile zilivyo.

Nina ploti ndogo nje ya mji. Nilitaka kuweka posho mill, mashine ya kusaga mahindi, kwa hivyo ilibidi niombe kaunti change of use, kutoka makao hadi biashara. Kabla ya hapo, lazima majirani wajulishwe.

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Ramani sikusomea, nilijifundisha mtandaoni. Mchoro niliurudia mpaka macho yakauma. Barua niliandika kwa Kiingereza kizito, nikataja hata desibeli za kelele ya mashine, nikazipitisha chini ya mageti. Kibao cha notisi nilikisimamisha kwa pima maji, msinicheke.

Zikafika kaunti objection mbili za kunipinga.

Moja ya Mama Nyambura, ambaye ni ua tu unaotutenganisha naye. Nyingine ya Mzee Wafula, mwenye ploti ya nyuma, anayeishi Bungoma upande wa Mabanga.

Usingizi ukapotea. Injini nilikuwa nimeshanunua Moi's Bridge. Bila kibali, ingebaki chuma tu.

Nikaenda Mabanga. Mzee akanipokea getini, mkononi barua yangu aliyopelekewa kutoka Kitale.

"Kijana, desibeli ni mnyama gani?"

Nikaanza kueleza. Akanikatiza.

"Si ulete mashine tuisikie, bana? Mimi nitakuja na masikio yangu."

Hilo sikuwa nimelisoma popote.

Jumamosi tukafunga mashine kwenye pikapu na kuiegesha pale pale nilipochora. Mzee Wafula akasimama kwenye ploti yake. Mama Nyambura, niliyemwalika pia, akaenda pembeni mwa shamba lake, karibu na ua.

Ndipo nikaona kaburi la mumewe. Hatua chache tu kutoka mahali pa mashine. Kwenye mchoro wangu wote ule, pale palikuwa peupe.

Fundi niliyekuja naye akawasha, akamwaga mahindi.

Wakuu, sijawahi kuona watu wakisikiliza hivyo. Mama alifunga macho, mkono juu ya msalaba. Mzee alivua kofia. Mimi niliona hata kupumua ni kuwasumbua.

Ikazimwa.

"Hapa hapana," Mama akasema. "Huyu alikuwa mtu wa kimya. Isogeze kule barabarani, niisikie tena."

Tukasogeza pikapu hadi mbele, tukawasha. Mama hakutoka pale kaburini. Alisikiliza muda mrefu, halafu akaanza kucheka.

"Hiyo hata yeye angeivumilia. Alipenda ugali sana. Mzee Wafula, wewe je?"

"Mama, mimi nangoja tu unga wa kubeba Bungoma!"

Wote wawili wakaondoa objection. Nilichora upya, mashine mbele, na kando ya ua nikaacha nafasi ya miti. Kibali kilitoka.

Funzo nililopata ni kwamba notisi inamwambia jirani unachotaka wewe. Anachokilinda yeye hukijui mpaka umwendee.

Nyinyi mliojenga karibu na watu, majirani wenu waliwapinga kwa nini? Mwageni hapa chini, nitasoma zote.

Mimi siku hizi, kabla sijachora mstari wowote, natembea kwanza kwenye mpaka pamoja na jirani, na yeye ndiye anatangulia.