Wanaume Ishirini na Sita wa Pulchérie

Pulchérie alifanya kazi katika laboratwari ya hospitali ndogo huko Baraka, mji ulio kando ya ziwa, na ndiye aliyehesabu mbegu za wanaume kwenye mikroskopu. Dokta Jacques alitaka kujua kama kidonge fulani kingeweza kuwasaidia waliokosa watoto. Waliokubali kujaribiwa walikuwa ishirini na sita. Nusu walipewa dawa, nusu vidonge vya unga mtupu, na hakuna aliyejua anameza kipi. Wote waliahidiwa kwamba majina yao hayatatajwa.

Agosti 1998 vita vilirudi. Dokta alikimbia kwa kuvuka ziwa. Hospitali ilipoanza kuporwa, Pulchérie alichukua daftari la majina, akalifunga kiunoni chini ya kitenge, akapanda kamioni kwenda Uvira kwa dada yake.

Kabla ya kufika Mboko, askari waliokuwa wakiwasaka wapiganaji wa vijijini wa Mayi-Mayi waliwateremsha abiria wote. Mmoja alimpapasa kiunoni, akalichomoa daftari, akampa komanda wake.

"Hii kaye ni ya nini?"

"Ni kazi ya hospitali, shefu."

"Banaume tupu! Miaka, kijiji, namba. Na hapa milioni tatu, milioni nane. Ni masasi ya bunduki, eh? We unaandikia Mayi-Mayi batu yao."

"Hapana, shefu. Ni bagonjwa."

"Bagonjwa ya nini?"

Pulchérie akisema ukweli, wanaume ishirini na sita wataaibika mbele ya majirani zao. Asiposema, watasakwa nyumba kwa nyumba. Komanda alianza kusoma majina kwa sauti, na nyuma ya Pulchérie bunduki ilikokiwa.

"Shefu, simama kwanza."

Aliyesema alikuwa abiria mwenzake, Zakaria, fundi wa mashua kutoka Baraka. Mkewe, Nuru, alikuwa amesimama kando yake, pamoja na kaka yake Nuru, Uledi.

"Mi iko mule ndani," Zakaria alisema. "Namba kumi na saba. Miaka tisa niko na bibi yangu, mutoto hakuna. Ile milioni haiko masasi. Ni mbegu yangu, na haitoshi. Ule mama anatutafutia dawa."

Askari waliangua kicheko. Mmoja alimsukuma Zakaria begani, akamwita mwanamke. Uledi alitazama chini. Nuru hakuuachia mkono wa mumewe.

Komanda hakucheka. Alimsogelea Pulchérie, akauliza kwa sauti ya chini:

"Na iyo dawa, inasaidia?"

Pulchérie angeweza kumdanganya.

"Hatujue bado, shefu. Ndiyo tulikuwa tunatafuta."

Komanda alilifunga daftari. Kisha akamrudishia.

"Pandeni. Mwende."

Kamioni ilifika Uvira salama. Lakini habari ilifika sokoni kabla ya Jumapili, na kwa miezi mingi Zakaria alichekwa kila alipopita. Aliendelea kuunda mashua. Siku moja Uledi alikwenda kumwona Pulchérie huko alikokaa na dada yake, akapewa chai, akaiacha ipoe.

"Mama Pulchérie," alisema mwishowe, "na mi unaweza kunipima?"

Hakukuwa na mikroskopu. Pulchérie alimwambia asubiri.

Mwaka 2003 dokta alirudi. Katika wale ishirini na sita walipatikana tisa tu. Wengine walikufa au walihama. Tisa hawakutosha kuthibitisha lolote. Pulchérie alimwendea kila mmoja kwake, akamweleza hivyo ana kwa ana, akianza na Zakaria.